Mbegu za kotimiri: paketi ya 3,500 na giligilani ya buku

Nauza kachori. Kachori, bajia za dengu na mihogo ya kukaanga, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka karai likauke, hapa Magomeni, Mtwara mjini. Wateja wangu wengi hawafuati kachori. Kuponda viazi kila mtu anaweza. Wanafuata chatini. Na chatini yangu ni kotimiri, embe bichi na pilipili, basi. Siku kotimiri ikikosekana naweka nazi na ndimu, na mteja akishachovya mara moja ananiinulia uso kama nimemdhulumu chenji.

Sokoni kotimiri ipo, sisemi haipo. Ila mafungu ninayopata mengi yamekuja na basi, yamelala njiani ndani ya kiroba, na ukiyafungua asubuhi yale ya katikati yamechemka yenyewe kwa joto, yamekuwa uji wa kijani. Fungu la jero ukilichambua unabaki na la mia mbili. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, fungu lile lile linauzwa buku, na siku hizi Ramadhani inaangukia mwezi wa pili na wa tatu, jua la kupasua kichwa. Ndiyo maana nikasema ninunue mbegu, nipande uani.

Kwanza niliweke sawa jina. Bibi yangu wa Mikindani alikuwa anasema kotimiri kwa jani na giligilani kwa punje, nami nafuata hivyo. Vijana wa madukani vyote wanaita giligilani, na aliyewahi kukaa Kenya atakwambia dania. Siwasahihishi, ila jina lilishanitia hasara. Mara ya kwanza kabisa nilimtuma kijana, akaniletea pasli. Majani yanafanana kama mapacha. Nililea miche ile kwa mahaba, kuja kufikicha jani puani, harufu siyo. Kwa hiyo ukinunua miche badala ya mbegu, usitazame, fikicha.

Paketi yenyewe niliinunua mwezi wa pili, duka moja la pembejeo ambalo jina nalihifadhi, kwa sababu kosa nililolikuta hapo nimeliona na kwa wengine wawili. Gramu 10, shilingi 3,500. Picha ya mbele inatamanisha: kichaka cha majani mapana, kibichi, kimenyeshewa umande. Tarehe ya kuisha ilikuwa bado mbali. Kosa lilikuwa ukutani. Paketi zote zimetundikwa kwenye waya mlangoni, mlango unatazama magharibi, na jua la alasiri linazipiga mpaka linazama. Niliyochukua mimi rangi ya picha ilikuwa imeanza kupauka upande mmoja. Nikaiona, nikaichukua hivyo hivyo. Ile nyekundu ya picha za nyanya ilikuwa imekuwa waridi kabisa, sijui nilikuwa nafikiri nini.

Nyuma kuna maelekezo, herufi za sisimizi. Nilimpa mwanangu anisomee. Yanasema sia kitaluni, kisha hamishia shambani baada ya wiki kadhaa, mahali penye jua la kutosha. Nikafuata kama Msahafu. Nilijaza mchanga na samadi kwenye trei, nikasia, nikamwagilia asubuhi na jioni wiki tatu. Ikaota miche mitano. Mitano! Nikaihamisha kwenye kijituta karibu na ukuta, jua la kutosha kama walivyotaka. Siku ya tatu mitatu imelala chini. Miwili iliyobaki ikashtuka, ikatoa bua moja refu lenye ua kabla sijachuma hata jani la kuwekea juu ya mchuzi.

Kwa hiyo nusu ya malalamiko yangu ni kwa karatasi ile. Kotimiri haitaki kuhamishwa. Ina mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja kama karoti, na kweli ni ukoo mmoja na karoti; ukiukata au ukiupinda, mmea unaona kifo kimekaribia, unakimbilia kutoa maua uache mbegu. Joto linafanya vile vile. Hilo jua la kutosha labda ni la Lushoto au la Njombe. La hapa kwetu, mwezi wa pili, saa saba mchana, hata mbuzi wanajua kulikimbia.

Nusu nyingine ya malalamiko niliielewa kwa mzee mmoja muuza viungo sokoni. Nilikuwa nanunua bizari nyembamba, nikamsalimia, nikamlalamikia mbegu zangu. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anafunga karatasi.

"Ulizipasua?"

"Kuzipasua vipi, mzee wangu?"

Akachota giligilani kwenye gunia lake, akaweka punje mbili kiganjani, akazisugua kwa dole gumba. Zikafunguka, kila moja vipande viwili. "Umeona? Humu wamo wawili. Ukizipanda hivi zilivyofungwa maji yanachelewa kuingia. Zisugue, ziloweke usiku kucha, asubuhi panda. Chukua hizi za buku ujaribu."

"Hizi si za pilau?"

"Mwanangu, na hizo za dukani zilitoka wapi? Zilianza hivi hivi."

Nilicheka, lakini nikanunua. Na kweli ile tunayoiita mbegu ya kotimiri ni kitunda kikavu chenye mbegu mbili zilizokumbatiana. Mimi sasa nazimwaga kwenye ubao, napitisha chupa ya soda juu yake kidogo kidogo, kama mtu anayesukuma chapati bila nguvu. Ukikandamiza unapata unga wa bizari. Unataka usikie kama kitu kinachochanika, basi.

Sikuzipanda siku hiyo. Jua lilikuwa bado kali na nilishachoka kuzika mbegu. Nikasubiri mvua ziishe, kusi ianze. Mwezi wa sita hapa kuna asubuhi unatafuta kanga ya pili ya kujitanda, na ndiyo hali ya hewa inayoipendeza kotimiri. Nikachukua beseni langu kubwa lililopasuka ukingo, nikalitoboa chini kwa msumari wa moto, nikajaza udongo: mchanga wetu huu huu, samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikaacha kunuka, na mboji ya majani ya muembe. Nikagawa katikati kwa kijiti cha kuti. Upande mmoja punje 40 za paketi ile ile ya mlangoni zilizobaki, upande wa pili punje 40 za mzee. Zote nimezisugua, zote zimelowekwa usiku mmoja kwenye vikombe tofauti, zote kina cha kucha ya kidole. Juu nikaweka makuti mawili, yachuje jua.

Siku ya nane ikatokeza ya kwanza, upande wa mzee. Jani la kwanza la kotimiri halifanani na kotimiri, ni vijiulimi viwili virefu. Usije ukayang'oa ukidhani ni majani ya porini. Siku ya kumi na tano nikahesabu. Upande wa mzee punje 33 zimeota, nyingine zimetoa miche miwili. Upande wa paketi, 11.

Ningeandika siku ile ile mngesoma matusi matupu. Ila nikanyamaza, nikaendelea kumwagilia, na nashukuru nilinyamaza. Kufika wiki ya sita, wale 33 wa mzee walianza kurefuka. Bua likapanda katikati, majani ya juu yakawa membamba kama nywele, kama ya shamari, na ladha ikageuka kali ya kukwaruza. Nilichuma mara moja na nusu tu. Wale 11 wa paketi wakabaki chini wamejikunja, jani pana, wakanipa mikato mitatu, wa mwisho wiki ya tisa. Giligilani ya kupikia imechaguliwa kwa ajili ya punje, kazi yake ni kuwahi kuzaa. Ile ya paketi ni aina iliyochaguliwa kwa jani, inachelewa kutoa ua. Kwa hiyo mbegu yenyewe ilikuwa nzuri, waliiua mlangoni.

Kuhakikisha nikaenda duka jingine, dogo, mwenyewe mwanamke. Paketi za kampuni ile ile, bei ile ile, lakini anazitoa ndani kabisa, kwenye friji bovu alilolilaza chini kama sanduku. Nikamuuliza mbona hatundiki watu wazione. "Mbegu haianikwi, dada," akasema, "siyo kitenge." Nikapanda 40 tena, zikaota 29. Nikawa nimepata jibu langu.

Tofauti nyingine ya kuzingatia: paketi hii ya kwangu mbegu zake zina rangi yake ya kawaida, ya majani makavu. Kuna paketi za mbegu zilizopakwa rangi ya waridi au ya bluu. Ile rangi ni alama ya dawa ya ukungu na wadudu. Zilizobaki zisiende jikoni hata kwa bahati mbaya, wala usimwagie kuku. Na kwa upande wa sokoni, giligilani iliyokwisha kukaangwa haioti hata uisomee dua. Ukiona punje imekuwa kahawia ya kuiva na inanukia kama mchuzi tayari, hiyo ni ya pilau tu.

Kuku sasa. Jirani yangu ana kuku sita na hawajui mpaka. Beseni la pili walilichakura siku ya nne, nikakuta mbegu zangu ziko hewani. Sikugombana, maana mayai nanunua kwake. Nikachukua chandarua kilichotoboka kisichofaa tena kitandani, nikakifunga kwenye fito nne kuzunguka mabeseni. Kikasaidia na jua pia, kikapunguza makali bila kufunika kabisa, hata makuti nikayaondoa. Sasa nina mabeseni manne na ndoo mbili za lita 20. Usitumie chombo kifupi. Kile kisahani cha maua cha madirishani mzizi unagonga chini upesi na ua linakuja upesi. Shibiri moja ya kina ndiyo mwanzo.

Maji nayo. Mwanzoni nilitumia ya kisima cha jirani, yana chumvichumvi, majani yakaungua ncha. Nikahamia ya bomba, nayahifadhi kwenye pipa siku yanapotoka. Namwagilia kwa chupa ya lita moja na nusu niliyotoboa kizibo kwa sindano, maana ukimimina kwa kata miche inalala na hainyanyuki. Asubuhi tu. Jioni nisipouona udongo mkavu nauacha, maana ukiloweka kila saa miche midogo inaoza shingo.

Mtaniuliza kama nimeacha kununua sokoni. Hapana. Mabeseni manne, nikipanda moja kila baada ya wiki mbili ili zipishane, yananipa chatini ya siku tatu kwa wiki, kwa kuchuma majani ya nje tu na kuacha moyo. Siku nyingine nne bado nabeba kikapu. Na kinachouma ni kwamba msimu wangu wa biashara ni ule usiofaa. Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili korosho zinauzwa, watu wana hela, kijana anayekula kachori mbili anakula nane na kulipia rafiki zake, na wakati huo huo joto limerudi na kotimiri inakimbilia ua. Miezi hiyo napanda kidogo, chini ya muembe, nachuma changa ikiwa na wiki nne, na sitegemei mkato wa pili. Hakuna paketi itakayotatua hilo na sitailaumu.

Ila za uani na za basi ni vitu viwili tofauti, hilo nalisema bila kupepesa. Nachuma saa kumi jioni. Nasuuza mara moja, nakung'uta. Mashina siyatupi, ndiyo yenye harufu kuliko majani, wanaochambua jani jani na kutupa shina wanatupa chatini yenyewe. Embe bichi moja dogo nalimenya nakatakata, pilipili kichaa nne, punje mbili za kitunguu saumu, chumvi. Embe na chumvi kwanza kwenye blenda, na vijiko vichache vya maji ya barafu, mpaka lilainike. Kotimiri inaingia mwisho, nawasha nazima, nawasha nazima, mara tano sita. Ukiiacha blenda inaunguruma, inapata moto na chatini inageuka rangi ya majani ya chai. Ikitoka vizuri ni kijani cha kupigia picha, ina vipande vipande bado, na harufu inafika barabarani kabla ya ile ya mafuta. Bodaboda wanapunguza mwendo.

Mizizi ya mimea iliyokwisha naiosha, naiponda na tangawizi na kuitia kwenye mchuzi wa kolekole, mwanzoni kabisa pamoja na kitunguu. Jani lenyewe kwenye mchuzi linaingia sufuria ikishashuka, siyo kabla. Ukilichemsha unabaki na rangi tu. Na wale 33 wa mzee waliokimbilia maua sikuwang'oa. Nyuki walikuja, na baada ya maua zikaja punje za kijani, laini, ukizitafuna zina kitu cha ganda la chungwa. Nilizitwanga nikachanganya na viazi vya kachori. Wiki ile watu waliniuliza nimebadilisha nini, nikasema sijabadilisha kitu. Zilizobaki zilikauka juu ya mti, nikazipepeta kwenye ungo, na ndizo nilizopanda mwezi wa nane. Kwa hiyo buku ya mzee bado inazaa.

Yupo mteja wangu mmoja, kijana wa bandarini, kachori anakula kavu. Anasema chatini yangu inanuka sabuni. Mwanzo nilidhani ananitania, nikaosha blenda mara tatu. Kumbe wapo watu wa hivyo, wanazaliwa nayo: zile kemikali ziitwazo aldehaidi zinazoipa kotimiri harufu yake, nyingine za jamii hiyo zimo kwenye sabuni, na pua zao zinazinasa kuliko za sisi wengine. Huyo nampa pilipili ya ukwaju, na mjadala umeisha. Nalitaja kwa sababu nimeona mtu analalamika paketi hii "mbegu feki, majani yananuka sabuni". Ndugu, mpe jirani yako aonje kwanza.

Kwa hiyo maksi. Paketi: nne kwa tano, nimeikata moja kwa yale maelekezo ya nyuma, ambayo yangemwambia mtu wa pwani apande pale pale itakapokaa na atafute kivuli. Duka la mlangoni: moja, na hiyo moja ni ya kijana aliyenirudishia chenji kamili. Duka la friji bovu: tano. Giligilani ya mzee: tano kwa kuota, mbili kwa kudumu; ichukue kama unataka majani ya haraka ya wiki nne, au kama unajifunza na huna hela ya kuchezea. Ukiwa na 3,500 moja tu, nenda dukani, lakini tazama kwanza paketi zinakaa wapi, na kama rangi ya picha imepauka geuza urudi.

Jana nimenunua paketi nyingine kwa yule mama. Nimeitia kwenye kopo la Blue Band, nikaweka na mkaa kidogo uliofungwa kwenye kitambaa unyonye unyevu, nikafunga, nikaficha chini ya kitanda upande wa ukuta usiopigwa na jua. Mwanangu ameandika juu ya kopo: "Mwezi wa tano. Mama usifungue."